Maana 645 za ‘run’ zisitutishe

Katika mabishano ya lugha ipi itumike kufundishia shuleni, hakosi mtu mwenye namba mfukoni. Namba inayopendwa siku hizi ni 645. Hiyo ndiyo idadi ya maana za kitenzi ‘run’ katika kamusi kubwa ya Oxford, kitenzi chenye herufi tatu tu ambacho mwanafunzi anayeanza Kiingereza huambiwa kuwa ni “kimbia”, akaandika kwenye daftari na kuendelea na neno linalofuata. Hoja hujengwa harakaharaka: lugha ambayo neno lake moja dogo lina maana mia sita na ushei haina mshindani, na Kiswahili kikae pembeni.

Namba ni ya kweli. Kilichojengwa juu yake ndicho kibovu.

Ilitangazwa mwaka 2011, wahariri wa Oxford English Dictionary walipokuwa wamefikia herufi R katika kuifanyia kamusi hiyo marekebisho makubwa. Kitenzi ‘run’ alikabidhiwa Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wazoefu wa pale, naye akakaa nacho kwa miezi tisa. Kitenzi kimoja, miezi tisa. Hesabu ya 645 inahusu kitenzi peke yake. ‘Run’ ya nomino ina hesabu yake nyingine.

Kabla ya hapo taji lilikuwa kwingine. Katika toleo la 1989, neno lililochukua kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa ‘set’, likiwa na maana zaidi ya 430 na maelezo yanayokaribia maneno 60,000, urefu wa riwaya ya kutosha. Marekebisho mapya yalipoanza, wahariri hawakuanzia A. Walianzia M. Mwaka 2000 ‘make’ ikaipita ‘set’. Mwaka 2007 wakafika kwenye ‘put’, nayo ikaipita ‘make’. Mwaka 2011 ikaja zamu ya ‘run’. Msomaji makini atakuwa ameshaona mchezo: bingwa hubadilika kadiri wahariri wanavyosogea kwenye alfabeti. Si kwamba kati ya mwaka 2000 na 2011 Waingereza walibadilisha namna yao ya kusema. Kilichobadilika ni neno lililokuwa mezani.

Na meza yenyewe ina historia ndefu. Wazo la kamusi hiyo lilizaliwa mwaka 1857 katika Chama cha Filolojia cha London, kilichoona kwamba kamusi zilizokuwepo zilijaa mapengo. Mwaka 1879 James Murray, mwalimu wa shule mzaliwa wa Scotland, alikubaliana na wachapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford kwamba kazi ingekamilika kwa miaka kumi. Baada ya miaka mitano, mwaka 1884, fungu la kwanza likatoka. Lilikuwa limefika kwenye neno ‘ant’, yaani sisimizi. Fungu la mwisho lilitoka mwaka 1928, Murray akiwa kaburini tangu 1915.

Kilichomchelewesha ndicho kilichoipa kamusi hiyo uzito. Murray aliwaomba wasomaji wa Kiingereza popote walipo wasome vitabu vya zama zote, na kila walipokutana na neno lililotumika kwa namna ya kufaa, wanakili sentensi nzima kwenye kipande cha karatasi, waandike jina la kitabu, mwaka na ukurasa, kisha watume kwa posta. Barua zilikuwa nyingi kiasi kwamba sanduku la posta liliwekwa mbele ya nyumba yake katika barabara ya Banbury, Oxford. Ndani ya banda la mabati alilolijenga uani, karatasi zilipangwa katika vishubaka zaidi ya elfu moja, na watoto wake mwenyewe walikuwa wakizichambua kwa ujira wa vijisenti. Mmoja wa waliotuma karatasi nyingi na nzuri kabisa, William Chester Minor, alikuwa daktari wa jeshi la Marekani aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor kwa kumuua mtu jijini London mwaka 1872. Seli yake ilijaa vitabu. Toleo la kwanza lilipokamilika lilikuwa na vidahizo 414,825 na mifano ya matumizi 1,827,306.

Kwa hiyo zile maana 645 hazikuokotwa vinywani mwa watu zikiwa zimekwisha kuhesabiwa. Zilitokana na lundo la mifano iliyokusanywa kwa zaidi ya karne moja na nusu, ikamwagwa mbele ya mtu mmoja, naye akaulizwa: ipi ikae na ipi?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Mto, kwa Kiingereza, ‘runs’. Bomba la maji lililoachwa wazi nalo ‘runs’. Pua ya mtoto mwenye mafua ‘runs’. Kitenge kipya kikilowekwa kwa mara ya kwanza, rangi yake ‘runs’. Hizo ni maana nne au moja? Kiini chake ni kimoja, kitu cha majimaji kinatoka mahali kinakwenda kwingine. Lakini bomba hufungwa na mto haufungwi, pua hufutwa, na rangi ikishatoka mwenye kitenge amepata hasara. Mhariri mmoja ataziweka zote chini ya namba moja. Mwenzake atafungua namba nne na kuongeza ya tano kwa ajili ya mshumaa unaoyeyuka. Watunga kamusi wenyewe hutaniana kuhusu jambo hili, wapo wanaopenda kuunganisha na wapo wanaopenda kupasua. Kamusi ya Oxford, kwa kuwa shabaha yake ni kuonyesha historia ya kila tawi la neno, hupasua. Kamusi za wanafunzi zinazotoka mji uleule hutoa maana chache mno za ‘run’, na hakuna anayelalamika kwamba Kiingereza kimefilisika.

Mswahili, kwa upande wake, mto kwake hutiririka, bomba linatoa maji, makamasi yanatoka na kitenge kinachuja. Kila kimoja na kitenzi chake. Je, kuwa na vitenzi kadhaa pale ambapo mwenzako ana kimoja ni umaskini? Mtu anayetaka kushinda kwa namba angeweza kugeuza hoja kichwa chini miguu juu na kusema kwamba ‘run’ imejaa maana kwa sababu Kiingereza hakina neno kama “kuchuja”. Angekuwa anakosea vilevile, maana Kiingereza kina msururu wa maneno ya maji yanayotembea, ila wenyewe wanapenda lile fupi.

Kuna sababu nyingine ya wingi huo, na hii iko ndani ya sarufi.

Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na vitenzi viwili ndugu. Kimoja kilimaanisha kukimbia, au kutiririka kwa maji na damu; kingine kilimaanisha kukifanya kitu kikimbie, hasa farasi. Vilifanana bila kuwa kimoja, na miisho yake ilitofautiana. Baadaye wakaja Wanorse kutoka Skandinavia na vitenzi vyao vya ukoo uleule, navyo vikachanganyika humo. Kadiri karne zilivyopita miisho ya vitenzi vya Kiingereza ilipukutika, irabu zikagongana, na kufikia karne ya 16 umbo la ‘run’ likawa linabeba mzigo wa vyote. Ndiyo maana leo mtu ‘runs’, na pia mtu ‘runs a shop’. Sentensi ya kwanza ni ya kukimbia. Ya pili ni ya kuliendesha duka. Umbo ni lilelile, hakuna herufi iliyoongezwa.

Hata ‘set’, bingwa wa zamani, alitoka katika hali hiyo. Asili yake ni kitenzi cha kumfanya mtu au kitu kikae, ndugu wa ‘sit’. Ni kama kusema kwamba bingwa wa Kiingereza kwa miaka mingi alikuwa “kalisha”.

Kiswahili miisho yake haikupukutika. Kimbia, kimbiza, kimbilia, kimbizana. Kisha mkimbiaji, mkimbizi, kimbilio. Ukitaka neno lililo karibu zaidi na kazi za ‘run’ tazama “enda” na kizazi chake: endea, endesha, endelea, endeleza, endekeza, mwendo, mwenendo, mwendeshaji, maendeleo. Mwendesha mashtaka yumo humo. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yamo. Ilani za uchaguzi zenye neno “maendeleo” katika kila aya zimo pia. Ukiyakusanya yote hayo chini ya kidahizo kimoja, kama Kiingereza kilivyolazimika kufanya kwa kukosa viambishi vya namna hiyo, na ukampa mhariri miezi tisa ya kuchambua, “enda” itatoka na hesabu ya kumfanya mtu akae chini. Kamusi zetu huigawa familia hiyo katika vidahizo mbalimbali, kila kimoja na maana zake mbili tatu, na mpita njia akifungua ukurasa anaona neno dogo. Tofauti ni ya namna ya kupanga.

Kwa kuwa hili ni gazeti la familia, jambo lifuatalo lisemwe kwa ufupi: Waingereza walio na tumbo la kuhara husema wana ‘the runs’, na Mswahili mwenye shida hiyohiyo husema tumbo linamwendesha. Hakuna aliyeiga kwa mwenzake.

Siasa nayo ina hadithi yake. Mmarekani anayetaka urais ‘runs’. Mwingereza anayetaka ubunge, kwa desturi ya kwao, ‘stands’, anasimama. Wapo waliojaribu kusoma tabia za mataifa hayo mawili kutoka kwenye tofauti hiyo, Mmarekani mwenye haraka na Mwingereza anayengoja kwa heshima achaguliwe. Hapo inafaa kusoma kwa tahadhari, lakini maneno yenyewe yameacha alama. Mgombea wa makamu wa rais wa Marekani huitwa ‘running mate’, jina lililotoka katika mashindano ya farasi. Tanzania ilipohitaji neno la mtu huyo kwenye karatasi za kura, haikumwita mkimbia mwenza. Ikamwita mgombea mwenza, kwa sababu kwa Kiswahili uchaguzi hugombewa. Uchaguzi wa kugomba! Anayefuatilia mikutano ya kampeni atakubali kwamba kati ya kukimbia, kusimama na kugombea, Waswahili hawakukosea sana.

Lakini kwa nini ‘run’ na si ‘walk’, wala ‘jump’? Simon Winchester, aliyeandika vitabu viwili kuhusu historia ya kamusi ya Oxford, alitoa jibu lake katika gazeti la The New York Times mwaka huohuo wa 2011. Kwa maoni yake ‘set’ na ‘put’ ni vitenzi vya utulivu, vya kuweka kitu mahali na kukiacha hapo, ilhali ‘run’ ni kitenzi cha zama za mitambo na pilikapilika. Treni ‘runs’, mashine ya kushona ‘runs’, kiwanda ‘runs’, programu ya kompyuta ‘runs’. Kila kifaa kipya kilichobuniwa kilikuja na maana mpya ya ‘run’ mgongoni.

Jibu hilo linapendeza na sehemu yake ni ya kweli. Ila lisipewe zaidi ya linachostahili. Maji, damu, wakati na meli vilikwisha kuingia chini ya ‘run’ karne nyingi kabla ya injini ya mvuke kuwaka. Mashine zilikuta mlango uko wazi. Tena mashine zilezile zilipofika kwetu hazikuleta kukimbia. Saa ya Kiswahili inakwenda, na ikiharibika inasimama. Redio inaongea. Mtambo unafanya kazi. Gari, hata likipita kwa mwendo wa kumtisha trafiki, kwa Kiswahili linatembea, na dalali wa magari yaliyotumika atakuapia kwamba hili limetembea kilomita elfu arobaini tu. Chombo kilekile kinakimbia Uingereza na kutembea Tanzania. Kila lugha ilikipokea kifaa kwa kitenzi kilichokuwa karibu na mkono.

Hasara ya kuikuza ile namba 645 inaonekana zaidi darasani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ‘run’ ni kukimbia, basi, akikutana na sentensi ‘The milk has run out’ ataona maziwa yamekimbia nje. ‘I ran into my teacher’ itamfanya akimbilie ndani ya mwalimu. Habari ya ajali yenye maneno ‘ran over’ ataisoma kama mchezo wa kuruka. Kumbe maziwa yameisha, wawili wamekutana kwa bahati, na gari limemkanyaga mtu. Akiambiwa tena kwamba zimebaki maana nyingine mia sita na arobaini na kitu, anakata tamaa, na ana haki. Hatajifunza kitenzi hicho kwa kukariri orodha. Hakuna Mwingereza aliyewahi kufanya hivyo. Wengi wao wakiambiwa kwamba ‘run’ ina maana 645 hushangaa kama mgeni, kwa sababu wao hawaijui hata moja ikiwa peke yake. Wanaijua ikiwa na wenzake: ‘run out’, ‘run a business’, ‘run a fever’, ‘run late’.

Afundishwe hivyo, neno na jirani zake. Mwalimu wa Kiswahili anayewafundisha wageni analijua hili bila kuambiwa, kwa sababu mgeni aliyeshika kwamba “piga” ni kuchapa hupigwa na butwaa asubuhi ya kwanza tu mjini. Anasikia kwamba jirani anapiga mswaki, kisha anapiga pasi, kisha anapiga deki, anapiga simu kazini, dereva anapiga honi, mtoto anapiga chafya, babu anapiga miayo, na jioni wote wamekaa wanapiga soga. Wiki ya uchaguzi watu wanapiga kura. Serikali inapiga marufuku mifuko ya plastiki. Timu inapiga hatua. Hakuna aliyeumizwa.

Na hapa ndipo hoja ya namba inapomgeukia aliyeileta. “Piga” ina maana ngapi? Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyelipwa kukaa nayo miezi tisa.

Kamusi zipo, na zimefanya kazi kubwa. Ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya mtangulizi wake, Madan, tayari ina orodha ndefu ya nomino zinazoandamana na “piga”. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) imetoka mwaka 1981, 2004 na 2013. Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA) lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Zote hueleza neno lina maana gani. Kinachokosekana ni kile Murray alichokitolea jasho: maana hii ilionekana lini kwa mara ya kwanza, katika maandishi yapi, kwenye sentensi gani, na ilisafiri vipi hadi ikafika hapa.

Chukua “kupiga simu”. Simu ilikuwa telegrafu kabla haijawa chombo cha kuongelea, na sasa ni kitu ambacho mtu hupigia picha, hukatia tiketi na hulipia nauli. Maana za kitenzi zimeteleza pamoja na kifaa, hatua kwa hatua, na kila hatua iliandikwa mahali na mtu fulani. Au chukua “kukata”. Abiria hukata tiketi hata kama hakuna kilichokatwa, imekuja kwa ujumbe wa simu. Mshtakiwa hukata rufaa, mwenye kiu hukata kiu, dereva hukata kona, mgonjwa hukata kauli. Kipi kilitangulia? Kuna watakaokisia kwamba tiketi ilikatwa kutoka kwenye kitabu cha kondakta na neno likabaki baada ya kitabu kutoweka. Huenda ni kweli. Kukisia si kazi ya kamusi.

Mfano wa karibuni zaidi unagusa mifuko ya watu. Kila ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka, neno “upigaji” hutawala vijiwe na mitandao, na “mpigaji” si bondia wala mpiga ngoma, ni mtu aliyekula fedha za umma. Kila Mtanzania anaielewa maana hii. Lakini ilianza lini? Ilitokea kwenye “kupiga dili”, au “kupiga hela”, au kwingine kabisa? Wazungumzaji walioishuhudia ikizaliwa wako hai, wanaweza kuulizwa leo. Baada ya miaka hamsini mtafiti atakuwa anakisia kama sisi na tiketi.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza kina maandishi ya kale na Kiswahili hakina, kwa hiyo kamusi ya aina hiyo haiwezekani. Ni kweli kwamba Kiingereza kimekuwa kikichapwa kwa mashine tangu karne ya 15, na pengo hilo halizibiki kwa maneno. Lakini Kiswahili si kiganja kitupu. Utendi wa Tambuka upo katika mswada wa mwaka 1728. Kamusi ya Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilichapwa London mwaka 1882. Wamisionari wa Zanzibar walianza kutoa jarida la Msimulizi mwaka 1888. Wakati wa Wajerumani kulikuwa na Kiongozi, lililotoka Tanga. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 na Baraza likaanza Nairobi mwaka 1939, na magazeti hayo yalijaa barua za wasomaji, mashairi, matangazo na malalamiko, yaani lugha ya watu wa kawaida yenye tarehe juu ya ukurasa. Hicho ndicho Murray alichokuwa akikihangaikia. Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kina hazina ya kielektroniki ya matini za Kiswahili ambayo watafiti wamekuwa wakiitumia kwa miaka. Aibu kidogo kwamba ilibidi iwe Helsinki, ila ipo.

Fedha ni swali la haki. Kamusi ya Oxford iliwagharimu wachapaji wake kuliko walivyotarajia, na ilikaribia kusitishwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo sehemu kubwa ya mifano yake ilitoka kwa watu wasiolipwa, wasomaji wa kawaida wenye kalamu na stempu. Leo kazi ya kunakili sentensi, kuweka mwaka na kuituma inaweza kufanywa kwa simu na mwalimu mstaafu aliye Pemba, mwanafunzi wa Kisumu au mfanyabiashara wa Bukavu, na ile ya Bukavu ingetuonyesha matumizi ambayo kamusi za Dar es Salaam hazijawahi kuyaona. Kinachohitajika kwanza ni ofisi moja ya kupokea, kanuni moja ya kunukuu, na wahariri wachache wanaolipwa mshahara ili wafanye kazi hiyo tu, bila kupewa vipindi ishirini vya kufundisha kwa wiki.

Ofisi za kuanzia zipo. BAKITA ipo, BAKIZA ipo, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Kila mwaka ifikapo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, wakuu wa taasisi hizi hupanda jukwaani kueleza jinsi lugha hii ilivyo tajiri. Mwaka huu waje na kitu mkononi. Watangaze kamusi ya kihistoria ya Kiswahili, wataje mhariri wake na bajeti yake, na wamiliki wa magazeti wafungue makabati yao ya nakala za zamani kabla mchwa hawajazimaliza. Neno la kwanza liwe “piga”.